Anayekoroma Akiwa Macho

Kijana mmoja wa Bofu, Likoni, alinitumia sauti kwa simu usiku wa manane. Hakuwa na wasiwasi, alitaka tucheke pamoja. Mbwa wake, pagi wa miaka miwili aitwaye Bosi, alikuwa amelala chini ya feni, na mkoromo wake ulikuwa umeishinda feni yenyewe. "Daktari, sikia mzee huyu alivyolala usingizi wa pono," alisema.

Niliisikiliza, nikairudia, kisha nikaketi kitandani. Ndani ya sauti ile fupi mlikuwa na milio mitatu, na kila mmoja ulitoka mahali pake. Wa kwanza ulikuwa mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi: hiyo ni pua. Wa pili ulikuwa mzito, wa kutetema, kama turubai linalopigwa na upepo: hiyo ni nyama laini iliyo nyuma ya kaakaa. Wa tatu ulisikika mara mbili tu, mkali, kama msumeno kwenye mti mkavu, nao ndio ulionitoa usingizi: hilo ni zoloto. Kati ya mkoromo mmoja na mwingine palipita kimya ambapo Bosi hakupumua kabisa. Kisha alishtuka, akameza mate, akaanza upya. Nilimjibu yule kijana kwamba mbwa wake halali. Anapigania pumzi, na kila akizidiwa anaamka.

Kazi yangu ya kutibu mbwa na paka iko huku Kisauni, upande wa bara wa Mombasa, na wagonjwa hunijia kutoka Likoni hadi Changamwe. Neno ninalolisikia zaidi kuhusu mbwa wa uso bapa ni hili: "Ndivyo walivyo." Muuzaji humwambia mnunuzi, mnunuzi humwambia jirani, na nasema kwa uchungu kwamba hata sisi madaktari tumewahi kulitamka. Anakoroma akiwa macho? Ndivyo walivyo. Anacheua povu akimaliza kula, analala kidevu kikiwa juu ya ukingo wa bakuli ili koo linyooke, anakataa kutembea jua likishapanda? Ndivyo walivyo. Hapana. Huo ni ugonjwa wa njia ya hewa. Unapimika, una hatua zake, na una upasuaji wake. Na kwa hali ya hewa yetu ya pwani, upasuaji huo haufai kungoja mpaka mbwa azidiwe.

Chanzo chake ni rahisi kukieleza. Kwa vizazi vingi watu waliwachagua mbwa wenye pua fupi na kuwazalisha wao kwa wao, mpaka mfupa wa uso ukafupika. Nyama ya ndani haikufupika pamoja nao. Ni kama mtu aliyehama nyumba ya vyumba vitatu akaingiza kitanda, kabati, meza na makochi yote katika chumba kimoja cha kupanga pale Mjambere. Vyombo ni vilevile, pa kupita ndipo hapapo. Kwa pagi, buldogi wa Kifaransa, buldogi wa Kiingereza, shitsu na pekinizi, tundu za pua hubaki nyufa mbili. Mikunjo ya ndani ya pua hujibana na kuziba njia. Ulimi ni mnene. Kaakaa laini ni refu kuliko nafasi yake, basi ncha yake huning'inia na kunyonywa ndani ya mlango wa zoloto kila mbwa anapovuta hewa. Buldogi wa Kiingereza mara nyingi huzaliwa na nyongeza: bomba lenyewe la hewa ni jembamba.

Katika karne ya 19, daktari wa Kifaransa aitwaye Jean Poiseuille alipima jinsi maji yanavyopita kwenye mirija myembamba ya kioo. Kutokana na kazi yake tunajua kwamba mrija ukipungua upana kwa nusu, ukinzani ndani yake hauongezeki mara mbili, huongezeka mara 16. Hewa inayopita kwenye pua ya mbwa haitulii kama maji ya Poiseuille, kwa hiyo mambo huwa mabaya zaidi ya hapo. Ndiyo maana mkato mdogo puani, usiozidi upana wa punje ya mchele, unaweza kumrudishia mbwa maisha.

Sasa mfikirie mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Bana ncha ya mrija kwa vidole, kisha vuta kwa nguvu. Mrija wenyewe hujikunja ndani. Koo la Bosi lilikuwa likifanyiwa hivyo kila anapovuta pumzi, mchana na usiku, tangu azaliwe. Mvuto ule hurefusha na kunenepesha kaakaa lililokwisha kuwa refu. Huvinyonya nje vijifuko viwili vidogo vilivyo pembeni mwa nyuzi za sauti. Mwishowe gegedu za zoloto huchoka, huinamia ndani, na mlango wa hewa hujifunga. Hatua tatu za kuporomoka huko zilielezwa mwaka 1960 na hadi leo ndizo tunazotumia. Hatua ya kwanza ni vile vijifuko kutoka nje, nayo ina tiba. Ya tatu ikifika, mara nyingi kinachobaki ni kumtobolea mbwa shimo la kudumu shingoni apumulie hapo, na sijui nani angependa kulitunza shimo hilo katika vumbi na mchanga wa mitaa yetu.

Pua na kaakaa mbwa huzaliwa navyo hivyo. Kulegea kwa zoloto huja baadaye, kwa kungojwa.

Kisha kuna joto. Mbwa hatoki jasho la maana, ni kidogo tu kwenye nyayo. Kinachompoza ni pua na ulimi: hewa hupita juu ya utando wenye unyevu, maji hugeuka mvuke, damu iliyo chini yake hupoa. Mbwa koko wa Mtongwe mwenye pua ndefu ana mikunjo mingi ya utando huo ndani ya pua, na utamwona adhuhuri amejilaza chini ya mwembe, anahema kwa raha zake. Pagi amenyimwa eneo hilo, na kule kuhema kwenyewe kunamgharimu, maana misuli inayovuta hewa kwa nguvu nayo hutoa joto. Anahema ili apoe, na kuhema kunampasha moto.

Mombasa, kaskazi inapoelekea ukingoni na tanga mbili kukaribia, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana. Linalotesa zaidi ni unyevu. Hewa iliyokwisha kushiba maji haina nafasi ya kupokea mvuke wa ulimi wa mbwa. Nguo iliyoanikwa jioni Kisauni mwezi wa Machi huamkia ubichi, na ulimi wa mbwa una shida hiyohiyo. Wengi wa mbwa hawa huletwa kutoka Nairobi wakiwa watoto, na mimi nimeshapokea wakubwa waliohama na wenyewe. Kule, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kukiwa na baridi ya Julai, mbwa alikuwa "anakoroma tu kidogo". Akateremshwa pwani, na katika wiki ya pili akaanza kuanguka. Pua ni ileile aliyokuwa nayo. Kilichoondoka ni ile hewa baridi iliyokuwa ikimsitiri.

Buldogi wa Kiingereza wa Chaani, Changamwe, ndiye aliyenibadilisha mimi. Aliletwa Novemba, wa miezi kumi na minne, mnene, mchangamfu, kaakaa likimtetema koo zima. Nilimwambia mwenyewe ampunguze uzito kwanza, tumpasue Januari. Kwenye karatasi ushauri ule haukuwa mbaya, kwa sababu unene hubana njia ya hewa na huongeza hatari ya nusukaputi. Januari ikaja na karo za shule, tukasogeza mbele. Jumamosi moja ya Februari, saa nane mchana, alifungiwa katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba kwa sababu kulikuwa na wageni. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, ufizi umekuwa wa zambarau, na juu yake pana blanketi lililoloweshwa ambalo badala ya kumpoza lilikuwa limeukumbatia moto wake. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39 na kitu. Akipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kipimajoto changu kilisoma 42.6. Alikufa kabla ya adhana ya alasiri.

Mama mwenye nyumba aliniuliza swali moja. "Daktari, ungempasua ile Novemba, angekuwa hai?" Sikuwa na neno la kumtuliza. Nadhani angekuwa hai.

Kwa hiyo niseme hapa, kabla ya habari za kisu, jambo ambalo kila mwenye mbwa wa uso bapa alijue leo. Akianguka kwa joto, mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Mtoe juani, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, maji yasimwingie puani wala mdomoni, mpepee, mmwagie tena. Usimfunike kwa kitu chochote. Ukimkimbiza garini akiwa bado anawaka, kisha ukakwama kwenye foleni ya kuvuka Likoni, utafika na maiti. Majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kwa hiyo baadhi ya wenye mbwa huogopa kuwaita. Wasiogope. Nimemwona mzee wa Mtongwe, amevaa kanzu, akimmwagia mbwa wa jirani ndoo nne za maji kutoka hatua mbili mpaka mbwa akainua kichwa. Hakumgusa, na ndiye aliyemwokoa. Kila mtoto aliyepita chuoni anakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ampe mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu.

Bosi nilimtaka avuke na feri ya alfajiri, akatize kisiwa na daraja la Nyali kabla jua halijawa kali. Nilimsikiliza akiwa ametulia, kipima-mapigo nimekiweka kooni, si kifuani. Kisha tulimtembeza kwa mwendo wa mbio ndogo. Jaribio hili la dakika tatu lilitokana na kazi ya madaktari wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwamo Jane Ladlow, na tangu 2019 Uingereza inalitumia kuwapa pagi na buldogi madaraja, kutoka sifuri hadi tatu. Uzuri wake ni kwamba halitaki mashine. Linataka sikio, saa, na uwanja wenye kivuli. Mbwa anayeonekana mzima mezani hufichuka akikimbia. Bosi alikimbia dakika moja na nusu, akaketi, akanyoosha shingo kama jogoo anayetaka kuwika, na ule mlio wa msumeno ukarudi.

Tulimpasua wiki iliyofuata, saa moja asubuhi. Kwanza alivutishwa oksijeni kwa kinyago, dakika tano nzima, kabla ya sindano ya usingizi, kwa sababu mbwa huyu hana akiba: akilegea tu, nyama za koo huanguka zikaziba njia, na daktari ana muda mfupi sana wa kupitisha bomba. Bomba lenyewe liwe jembamba kuliko uzito wake unavyodai. Alilazwa kifudifudi, taya la juu tukalining'iniza kwa utepe wa bendeji kati ya milingoti miwili ya dripu, kinywa wazi, taa ikimulika hadi kooni.

Kaakaa laini la kawaida huishia pale linapokigusa kidogo kidakatonge, kile kijifuniko kinachozuia chakula kisiingie njia ya hewa. La Bosi lilipita hapo zaidi ya sentimita moja, nene, jekundu, lenye mikunjo ya kufuliwa na pumzi zake mwenyewe. Nilishika ncha yake kwa koleo, nikatia uzi pande mbili kama alama, nikakata theluthi ya kwanza kwa mkasi, nikashona, nikakata tena, nikashona. Halikatwi kwa mkupuo mmoja, maana damu huficha kila kitu, na kingo zisiposhonwa mapema huvimba. Ukikata pungufu, umemtesa bure. Ukizidisha, chakula na maji vitamtokea puani maisha yake yote, na hakuna kurudi nyuma. Kipande nilichotoa kilikuwa kama ukucha wa kidole gumba. Nilikiweka juu ya pamba ili nimwonyeshe mwenyewe.

Wapo wanaopendelea njia nyingine. Laurent Findji na Gilles Dupré walieleza mwaka 2008, kutokana na mbwa 55, namna ya kulikunja kaakaa kwa mbele na kulishona juu yake lenyewe, ili lipungue urefu na unene kwa pamoja. Kwa kaakaa nene sana naiona njia hiyo kuwa bora, nami huitumia. Vijifuko vya zoloto vya Bosi vilikuwa vimetoka nje kidogo tu, nikaviacha. Madaktari wanabishana juu ya hili. Mimi huona kwamba mvuto ukipungua vyenyewe huweza kurudi, na kila kidonda cha ziada ndani ya zoloto ni uvimbe wa ziada usiku wa kwanza.

Pua tuliimaliza kwa dakika chache: kwa kisu chembamba chenye ncha nilikata kabari ndogo kutoka kila ubawa wa pua, nikabana kwa pamba damu ikatulia, nikashona nyuzi tatu kila upande, uzi wa kuyeyuka wenyewe. Msaidizi wangu aliangalia zile tundu mbili akasema, "Kumbe alikuwa na pua."

Hatari kubwa huja baada ya hapo. Mara nyingi mbwa wa uso bapa anayekufa kwa upasuaji huu hafi chini ya kisu, hufa anapoamka. Bosi alikaa na bomba mdomoni, macho wazi, kichwa juu, hadi alipoanza kulitafuna kwa hasira, na hapo tu ndipo nilipolitoa. Miaka ya mwanzo ya kazi nililitoa bomba moja mapema mno, koo likavimba, ulimi ukawa wa samawati, nikatoboa bomba la hewa shingoni kwa mikono inayotetemeka. Mbwa yule alipona. Tangu siku ile siharakishi. Na ndiyo maana namwambia kila mtu: kabla hujamkabidhi mbwa wako kwa yeyote, muulize kama ana mtungi wa oksijeni uliojaa, kama ana umeme wa akiba, na nani atakayekaa macho naye usiku. Daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, mpeleke mbwa wako kwingine.

Siku mbili baada ya Bosi kurudi Bofu, simu ililia saa tisa usiku. Yule kijana alikuwa ananong'ona. Alikuwa ameamka kwa sababu chumba kilikuwa kimya, akawasha taa, akaamini mbwa amekufa. Alikuwa amemgusa ubavu, Bosi akafungua jicho moja, akalifumba tena. "Daktari, hakoromi. Ni sawa?" Nilimwambia ni sawa kabisa, akalale.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kisu humgeuza pagi akawa mbwa koko. Vipimo vya Cambridge vya kabla na baada ya upasuaji vilionyesha nafuu kubwa, lakini wengi hawakufikia pumzi ya mbwa asiye na ugonjwa, na zoloto lililokwisha kulegea lilikuwa miongoni mwa dalili za matokeo mabaya. Bomba jembamba la buldogi halina fundi. Ile mikunjo ya ndani ya pua huondolewa kwa leza, kazi iliyoanzishwa na Gerhard Oechtering kule Leipzig, Ujerumani, na inahitaji vifaa ambavyo mimi sina. Bosi bado hatembei mchana. Amefungwa mkanda wa kifuani badala ya kola, na wali wa nazi aliokuwa akimegewa kila jioni umekoma. Kilo moja na nusu aliyoipunguza imemsaidia karibu sawa na mkasi wangu.

Paka nao nisiwasahau, maana nyumba nyingi za huku zisizoingiza mbwa zina paka wa Kiajemi kwenye kochi. Pua zao ni nyufa zilezile, nazo pia huweza kupasuliwa. Tofauti ni kwamba paka huficha shida yake hadi mwisho. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa ni dharura ya saa hiyohiyo, hata ikiwa ni sikukuu.

Wateja wanaohamia Ughaibuni huniuliza kama mbwa ataruka kutoka uwanja wa Moi, pale Changamwe. Mashirika mengi hukataa mbwa wa uso bapa katika chumba cha mizigo, na wana sababu. Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2010 ilikuwa na vifo 122 vya mbwa safarini katika muda wa miaka mitano, na 25 kati yao walikuwa buldogi wa Kiingereza, 11 pagi.

Linalobaki ni uzazi, na hapa nitasema waziwazi kwa sababu nawajua wanaouza watoto wa mbwa kwa picha za simu kutoka Utange hadi Shika Adabu. Uholanzi iliweka mwaka 2019 kipimo cha urefu wa pua kwa mbwa anayezalishwa. Nchini Norway, mahakama ya Oslo ilipiga marufuku kuzalisha buldogi wa Kiingereza Januari 2022, na mahakama ya rufani ikaitengua marufuku hiyo mwaka huohuo. Huku kwetu sioni sheria kama hizo zikija karibuni, kwa hiyo kazi ni ya mnunuzi. Uliza kuwaona mama na baba wakikimbia. Tazama tundu za pua za mtoto wa wiki nane: zikiwa zimefungana, usinunue kwa huruma, kwa sababu fedha yako ndiyo itakayomzalisha mwingine.

Mwezi wa tano yule kijana wa Bofu alinipigia tena. Mtu wa Mikindani mwenye pagi jike alikuwa amemwona Bosi akipumua vizuri, akataka ampandishe, na dau lilikuwa zuri. Nilimweleza kwamba nimekata nyama ya Bosi, damu yake sijaibadilisha. Watoto wake watarithi pua aliyozaliwa nayo, na hakuna atakayejua kwa kumtazama baba. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kuhasi kunachukua muda gani. Nilimjibu ingekuwa bora tungefanya siku ileile ya pua, kwa nusukaputi moja, na hilo ni kosa langu kwa kutomwambia. Bosi aliletwa Julai, kusi ikivuma, kwa feri ya kwanza.